Mikunjo ya Princess

Jumatatu, 8 Juni 1998

Mzee Ndalahwa katuita ofisini kwake hapa Mirongo, mimi na Chenge. Kompyuta moja, mafundi wawili. Mama Okeyo, mwenye duka la vitenge vipya, anataka kalenda ya mwakani yenye mwanamke aliyeumbwa kwa kompyuta, kavaa kitenge cha dukani kwake. Atakayemuumba vizuri atabaki na kazi. Mwingine aage. Mimi asubuhi, Chenge mchana. Mwisho Jumamosi.

Lazima nibaki mimi. Baba yangu kule Kamachumu nimekwisha kumwandikia kwamba mimi ni Mkuu wa Idara ya Kompyuta. Katangaza kanisani.

Jumanne, 9 Juni

Nimemuumba! Nimemwita Princess. Ukisukuma kipanya anageuka: bega, shingo, kisogo. Nilikaa mdomo wazi hadi chai ikapoa. Mtu ambaye hakuzaliwa na mwanamke, ananipa mgongo!

Shida ni nguo. Kitenge kimemkaa kama bati. Ili kipate mikunjo inabidi uvute nukta moja moja, bonde hapa, tuta pale. Nikivuta kiunoni, bonde linatokea kwapani.

Nimemuuliza Wilhelmina, fundi cherehani wa mlango wa pili. Akasema nisitazame nguo, nitazame watu waliozivaa. Ushauri wa mtu asiyejua kompyuta.

Jumatano, 10 Juni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Watu hawatulii, nguo zinatulia. Kwa hiyo baada ya zamu yangu nilikwenda soko la mitumba, robota likafunguliwa mbele ya macho yangu. Mungu wangu! Gauni juu ya gauni, na kila moja lina mistari yake ya mikunjo, imenyooka, imekatana, wala hakuna aliyeichora. Nilipiga magoti. Muuzaji akadhani nachagua. Nimejaza kurasa kumi na nne.

Chenge je? Nasikia asubuhi zote anashinda kwenye gati la kivuko cha Kamanga, anatazama akina mama wakishuka. Nikamripoti kwa Mzee Ndalahwa, kwa heshima zote, kwamba nina wasiwasi na tabia ya mwenzangu. Mzee akaniambia nirudi kazini.

Ijumaa, 12 Juni

Umeme ulikatika mara mbili, nikarudia bega zima la kushoto. Lakini sasa! Mstari kifuani, mstari tumboni, mstari mapajani, na mmoja wa kushuka katikati. Kila mkunjo ni ule ule nilioushuhudia, hakuna hata mmoja wa kubuni. Nimemzungusha Princess mara thelathini. Kwa kweli sikujua kama nina kipaji kiasi hiki.

Nimemwonea Chenge huruma. Nimeanza kumwandalia hotuba ya kumuaga.

Jumamosi, 13 Juni

Mama Okeyo kaja na miwani yake. Princess akageuzwa mbele yake, polepole. Mama akatazama muda mrefu, hata nikaanza kutabasamu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, huyu katolewa kwenye robota lini?"

Wilhelmina, ambaye hakuna aliyemwalika, akawaeleza wote kwamba hiyo ni mistari ya nguo iliyokandamizwa miezi mitatu melini. Mama Okeyo akasema mitumba imekwisha kumlia nusu ya wateja, na sasa inamfuata hadi kwenye kalenda.

Ikaja zamu ya Chenge. Mama wa makamo, anainama kunyanyua kapu la dagaa. Kitenge kimembana nyongani, kimelegea nyuma ya goti, kimejikusanya pale alipofunga fundo. Upepo umekisukuma upande mmoja. Alikuwa na uzito yule mama. Alikuwa amechoka. Nikasogea pembeni ili apite, na kabla sijajijua nikasema:

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa nimeiamkia kompyuta.

Mama Okeyo akavua miwani. "Basi," akasema, "mmesikia wenyewe."

Jumatatu, 15 Juni

Kazi ni ya Chenge. Na ni Chenge huyo huyo aliyemwomba Mzee anivumilie mwezi mmoja nijifunze. Sikumshukuru, lakini asubuhi nilimfuata gatini. Tukakaa juu ya ukuta. Kivuko kikateremsha mlango, akina mama wakashuka, upepo wa ziwa ukawapokea. Sijawahi kuona kitu kama kile. Vitenge mia, na kila hatua kila kimoja kinakuwa kingine! Chenge akasema nguo haina umbo lake, huazima la aliyeivaa. Machozi yalinitoka. Nikasingizia moshi wa kivuko.

Nimemwandikia baba kwamba nimepewa msaidizi. Anaitwa Chenge, kijana mwema, ila anahitaji kusimamiwa.

Halafu, njiani kurudi, nikapata wazo. Gati ni kupoteza muda, watu wale wanatembea mno. Nimechukua kitenge kimoja cha Wilhelmina, bila kumsumbua kwa kumwambia. Nimekichovya kwenye uji mzito wa muhogo, nikakitandaza juu ya baiskeli ya Mzee Ndalahwa, juani. Kikikauka, mikunjo yote itaganda palepale, nami nitainakili kwa nafasi. Mtu hahitajiki kabisa.