Nyumba Isiyotoa Moshi

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimezima moto. Ndoo nzima ya maji! Mafiga yalilia kwa muda mrefu, majivu yakanirukia usoni, kisha kimya. Kimya kibaya kidogo, sikatai.

Hapa Burungu moto wa jikoni hufukiwa jioni na kufukuliwa asubuhi. Huzimwa kabisa siku moja tu, siku mwenye nyumba anapofariki. Wetu ulizimwa mara ya mwisho tulipomzika baba. Mambo ya wazee! Mimi Mbonigaba ni mtu wa maendeleo.

Sababu ni Emérita, mke wangu. Ameondoka juzi kwenda kwa mama yake, kijijini Mpofi. Kosa langu ni dogo: nilimchinja kuku wake anayetaga, katikati ya Kwaresima, nikakata mikalitusi yake sita ya mwisho ili nimchemshe. (Kuku mwenyewe alikuwa mgumu.) Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni na begi lake akasema: “Ukiweza kula juma moja bila nyama na bila kugusa miti yangu, njo nitarudi. Ukishindwa, ubakie na majivu yako.” Kisha akamwomba jirani yetu Karangwa, yule mfugaji anayetengeneza jibini, ile fromage, aniangalie na kumpigia simu Jumapili. Karangwa alikubali haraka mno.

Nampenda Emérita. Nyumba bila yeye inatoa mwangwi. Naandika hili mara moja, sitarudia.

Mpango wangu ni kapu la kupikia. Sufuria ikishachemka kidogo unaifunga ndani ya kapu lililojaa majani makavu ya migomba, blanketi juu, nayo inaendelea kuiva yenyewe. Emérita alifundishwa hilo kwenye semina ya parokia, mimi nikamcheka. Sasa nimeliboresha. Yeye alikuwa anatumia kuni chache. Mimi sitatumia hata kijiti! Atakaporudi atapiga magoti.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Swali lilibaki moja: nani ataichemsha sufuria mara ya kwanza? Jibu: Karangwa mwenyewe! Kila alfajiri anawasha moto mkubwa wa maziwa, kisha anarudi zizini kukamua tena. Moto unabaki peke yake, unawaka bure. Kuuacha upotee hivyo ni dhambi.

Ukungu wa leo ulikuwa mzito, sikuona hata vidole vyangu. Nilijifunika shuka jeupe la Emérita kichwani kwa sababu ya manyunyu, nikabeba sufuria ya maharage, nikaenda bila viatu. Nikaondoa maziwa yake motoni, nikaweka maharage yangu. Yakachemka vizuri, yakafurika kidogo. Nikarudisha maziwa, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniona isipokuwa dume lake kubwa la ng'ombe. Lilisimama kwenye uzio likinitazama bila kutafuna. Sikulipenda.

Nimefunga mlango kwa ndani. Karangwa asije kunusa-nusa. Siku nzima sijasema na mtu.

Nimefungua kapu jioni. Maharage ya uvuguvugu, magumu katikati. Nimeyala na mchicha wa lengalenga, mbichi. Tumbo linazungumza. Ushindi ni ushindi!

Jumatano, tarehe 11 Machi

Karangwa amerudi mapema! Nilikuwa nimeinama juu ya moto wake, shuka kichwani, nikasikia mtungi wa maziwa ukianguka. Nikageuka taratibu. Yeye akapiga magoti kwenye matope, akafumba macho, akaanza Baba Yetu. Akaanza tena. Mara ya tatu alisahau maneno.

Kumbe Kwaresima imemgusa! Sikutaka kumkatizia sala. Nikachukua sufuria yangu, nikarudi kinyumenyume hadi ukungu ukanifunika.

Mchana mtu amesimama mbele ya nyumba yangu. Hakubisha. Alitazama paa tu, pale moshi unapotokea siku zote. Akaja mwingine, akatazama palepale. Halafu wa tatu. Wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana. Nilichungulia kwenye tundu la ukuta na mwili ukanisisimka, sijui kwa nini. Baadaye nimesikia sauti ya Karangwa nyuma ya uzio, akimwambia Mama Uwamwezi, yule mjane wa bondeni: “Siku tatu moshi haitoke. Na asubuhi nilimuona na macho yangu.” Mama Uwamwezi akaanza kulia.

Anaumia kuona Karangwa ameshindwa kuninasa, bila shaka. Habari zitamfikia Emérita.

Jumatano hiyohiyo, jioni

Maharage magumu zaidi ya jana. Nayatafuna kwa imani.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Leo moto wa Karangwa haukuwashwa. Ng'ombe hawakukamuliwa, walikuwa wanalia ndani ya ukungu. Nikarudi na sufuria yangu baridi. Nimekula maharage yaliyobaki jana.

Saa nne Straton, katekista wetu, akabisha. Mara tatu, polepole, akiniita jina langu lote kama wanavyosoma kanisani. Sikujibu. Sufuria ilikuwa mezani, na nyuma ya Straton nilisikia Karangwa akivuta kamasi. Nilijua ni mtego! Nikajilaza kwenye mkeka, nikazuia pumzi. Straton akawaambia watu asivunje mlango yeyote: mke wake njo mwenye kufungua, tumungojee.

Nilipochungulia, ua wangu ulikuwa umejaa watu. Labda ishirini. Wamekaa kwenye majani, wanawake wamejitanda vitenge kichwani, ukungu unafika mabegani. Hakuna anayesema, hakuna anayekohoa. Niliwatazama muda mrefu. Sijawahi kuona Burungu imenyamaza hivyo.

Lakini pale kizingitini, ajabu! Sahani zimefunikwa. Sombe ya majani ya muhogo, bugali, viazi vitamu, maharage laini kama siagi, mchuzi wa soya wa Mama Uwamwezi. Ukungu ulipoziba mlango nilizivuta ndani. Nimetafuta kipande cha nyama, sikukiona. Basi nikaelewa. Kijiji kimeuona mfano wangu, kimeacha nyama, na sasa kinaniletea ushuru!

Nimekula vyote. Nimerudisha sahani kizingitini, tupu, zimepangwa vizuri. Mama Uwamwezi alipozifunua akapiga yowe na kukimbia. Furaha nyingine humshinda mtu.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Nimetoka kuwashukuru. Mtu mkubwa hushukuru. Nilisimama mlangoni na shuka langu mabegani nikasema jambo yenu, ndugu zangu.

Watu wakatazamana.

Nikasalimia tena, safari hii kwa majina. Kila niliyemtaja aliinamisha kichwa na kutetemeka. Mama Uwamwezi, mwanamke ambaye hajawahi kuacha salamu ipite bure maishani mwake, alijifunika uso. Straton aliwaambia kwa sauti ya chini: “Musijibu. Mufu akikuita, ukiitika, unamufuata.” Kisha akanirushia maji kwa jani la mgomba. Baridi! Nikamwambia niko salama, nimeshiba. Wakaangua kilio.

Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta hewa. Chini ya mparachichi wanaume wawili walikuwa wanachimba shimo. Niliwaambia kwa upole kwamba shimo la mbolea halihitaji kina chote hicho. Wakatupa majembe, wakakimbia kupitia shamba la mahindi, na mahindi yakafunga nyuma yao.

Nilibaki peke yangu ukingoni. Shimo refu, jembamba. Udongo mweusi, unyevunyevu. Nililipima kwa macho mara mbili. Ni kimo changu.

Nimerudi ndani, nikatafuta kioo cha Emérita. Uso ni mweupe. Majivu, najiambia, majivu ya Jumatatu, sijanawa tangu siku ile. Lakini nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka Jumanne. Je, baada ya maharage yale niliamka kweli? Tangu Jumatatu hakuna mtu aliyenigusa. Hakuna aliyenijibu. Dume peke yake ndilo lililonitazama, na ng'ombe, wanasema, huona. Nilijifinya, nikaumia. Ila nani alirudi kutuambia kwamba wafu hawaumii?

Nimeweka mkono juu ya mafiga. Baridi kabisa. Niliogopa. Natamani Emérita aniite jina langu, hata kwa hasira.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Amekuja.

Nilisikia pikipiki, kisha sauti yake. Haikuwa kilio, ilikuwa sauti iliyokwisha kukauka. Straton alikuwa amempigia simu. Kutoka Mpofi, barabara ile, mvua ile! Nilikuwa kwenye mkeka, naogopa kuinuka. Alipitisha mkono pale anapojua yeye, akafungua komeo. Watu wakaingia nyuma yake wakiimba. Matope hadi magotini, kitenge cheusi. Akapiga magoti kando yangu, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu.

Kiganja kilikuwa cha moto. Hapo nikajua kwa hakika kwamba niko hai. Nusura nicheke.

Akasema: “Mbonigaba, ulikuwa mujinga, lakini ulikuwa wangu. Ile miti nilikuwa nishakusamehe. Nilikuwa narudi kesho, hata ungeshindwa.”

Na mimi? Nilifumba macho zaidi. Mungu anisamehe. Maneno kama hayo hayasemwi kwa mtu aliye macho! Miaka kumi na mmoja ya ndoa sijayasikia. Nikataka kidogo tu zaidi. Akaanza kueleza jinsi nilivyombeba siku mto ulipojaa, mwaka tuliooana. Nilikuwa nimesahau. Machozi yake yaliniangukia shingoni, nikajikaza nisimeze mate.

Lakini tumbo halina siri. Maharage mabichi ya siku tatu, pamoja na soya ya Mama Uwamwezi! Lilianza kwa mbali, likapanda, likatafuta njia, likaipata. Mlio mrefu, wenye kona. Straton alikatiza wimbo. Emérita akaondoa mkono.

Nikafungua jicho moja. Hakuna aliyekimbia, ndicho kilichonitisha. Karangwa aliitazama sufuria yangu mezani, akaikaribia, akainusa. Akasema polepole: “Kumbe njo maana maziwa yangu iko inanuka maharage.”

Nikakaa. Nikawaeleza kila kitu: kapu, moto uliokuwa unapotea bure, faida kwa miti. Nilieleza vizuri sana. Mama Uwamwezi aliniuliza swali moja tu, kama mke wangu alipokuwa analia nilikuwa nasikia. Nikajibu ndiyo, kila neno. Nilidhani jibu hilo litamfurahisha Emérita.

Yeye alisimama, akapangusa magoti. Hakunipiga. Hakutukana. Alisema: “Nilikulilia toka Mpofi mpaka hapa. Machozi ilishaisha. Haina ya pili.”

Jumapili, tarehe 15 Machi

Baada ya misa Emérita amezungumza mbele ya watu wote. Amesema amelia kama mjane, na kilio kilichoanza hakikatwi katikati, ni mkosi. Kwa hiyo atakaa hapa siku saba za kilio, tangu jana, amalize kwa heshima. Siku ya saba ikiisha atarudi Mpofi moja kwa moja, asirudi tena hapa. Straton alisema kanisa halina jambo kama hilo. Hakusema kwa nguvu. Karangwa alivua kofia akampa pole, na wanawake wakampa mkono mmoja mmoja, wakinipita mimi niliyesimama kando yake.

Amewasha moto. Kuni mbili tu! Akachemsha maharage kidogo, akayafunga ndani ya kapu, akaenda kupalilia. Mchana yalikuwa yameiva, nyumba nzima inanukia kitunguu na mboga. Akapakua sahani moja. Akakaa mlangoni, akala, akaiosha, akaianika. Nilimwuliza yangu iko wapi. Alinyanyua ndoo akaenda kuteka maji.

Amechoka na safari.

Lakini nimehesabu vizuri. Yumo ndani ya nyumba yangu! Nimekula juma zima bila nyama, bila kugusa mti hata mmoja. Hakuna mtu anayeweza kukana hilo. Na amesema mwenyewe kwamba atakaa mpaka kilio kiishe. Kitaisha Ijumaa. Basi inatosha kingine kianze kabla hicho hakijaisha.

Kosa la kwanza lilikuwa maharage tu. Alhamisi nitakufa tena. Safari hii nitakula ndizi.