Saini Tano za Zdravko

Jumatatu, 10 Machi
Bweni limetangaza: asiye na saini tano za masomo ya utamaduni kufikia Ijumaa, afungashe virago. Kitanda changu! Nikifukuzwa, ni kwa shangazi Penka kijijini, kulisha bata alfajiri. Kamen, mwenzangu wa chumba, amejiandikisha sataranji, eti atabaki huko wiki nzima. Mjinga. Mimi nimechagua Kislavoni cha kale, lugha ya vitabu vya zamani vya kanisa, kwa sababu mwalimu haoni vizuri, nisinzie nitakavyo. Mwalimu akasoma maneno ya mtawa aliyelalamika pembeni mwa ukurasa kwamba wino umeganda na supu haina chumvi. Miaka mia saba, na bado ana njaa! Sikusinzia hata kidogo. Saini ya kwanza kwenye kitabu changu cha mahudhurio.

Jumanne
Ukumbi wa nyota una giza na viti vya kulalia chali. Nimehamia huko. Wakaonyesha pete za sayari ya Zohali. Nimekaa mdomo wazi hadi msafishaji akanitoa. Ya pili.

Jumatano
Vikaragosi. Nyuma ya pazia nani atajua kama nipo? Wamenipa mguu wa kushoto wa mbweha niuchezeshe. Chuo gani kingine humfundisha mtu kuwa mguu wa mbweha! Watoto wa chekechea walipiga makofi. Nilikaribia kulia kwa furaha. Ya tatu.

Alhamisi
Kwaya ya nyimbo za milimani hugawa banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, ikiwa moto. Nilifuata tumbo. Wasichana wakaanza, sauti mbili zikisuguana bila kupatana, mwili ukanisisimka. Banitsa ikapoa mkononi. Ya nne. Kamen kafungwa tena sataranji na mpinzani yuleyule. Nimemcheka sana.

Ijumaa
Ufinyanzi asubuhi. Bakuli langu linavuja, lakini ni zuri mno. Ya tano! Nikaenda kifua mbele kwa Mama Stoyanka wa ofisi ya bweni. Akakagua kitabu changu, akavua miwani.

“Mwanangu, ni tano za somo moja. Wewe umeonja sufuria zote, hujala sahani hata moja.”

Nyuma yangu Kamen, na saini zake tano za sataranji, akauliza kama kitanda changu kitamfaa kuwekea vitabu. Mama Stoyanka akanihurumia: wiki moja zaidi, somo moja tu. Nimeapa kwa kaburi la babu. Kwaya, basi.

Jumatatu, 17 Machi
Nilitoka mapema kwenda kwaya. Njiani, mlango wa darasa la nyuki ulikuwa wazi. Mzinga wa kioo! Nyuki mmoja anacheza, wenzake wanajua maua yalipo. Niliingia kwa dakika mbili, nikatoka na saini baada ya saa mbili, kwaya imekwisha. Si neno. Nimehesabu vizuri: saini sasa ni sita, na bweni linataka tano tu. Kesho nampelekea Mama Stoyanka kitabu, aone nilivyozidisha.