Maganda ya Ndimu Ndani ya Mtambo

Jumatatu, 4 Agosti
Mungu ni mwema. Mtambo wetu wa gesi umewaka! Miezi mitatu kijiji kizima tumelilisha makombo lile tangi la nyuma ya kanisa: maganda ya muhogo, ukoko wa mahindi, vichwa vya samaki. Leo Mwalimu Gontran, msimamizi wake, kafungua bomba, kawasha kiberiti. Moto wa buluu! Hakuna moshi hata chembe. Nimelia kidogo. Vumbi.

Kisha katangaza: kaya itakayoleta makombo mazito kuliko zote kufikia tarehe 15, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ndiyo itakayovutiwa bomba la gesi kwanza hadi jikoni. Na siku hiyo wazee wetu watapikiwa kwa moto huo huo.

Bomba hilo ni langu.

Jumanne, 5 Agosti
Tatizo. Mimi mjane, nala peke yangu, na sahani nailamba. Ndoo yangu: kilo moja na nusu, pamoja na maji ya mvua. Jirani yangu Bi Léocadie, anayepikia wageni kutoka Morisi, kaleta kilo kumi na mbili. Kachungulia ndoo yangu, kauliza kama hayo ni makombo au ndiyo chakula changu cha jioni. Watu wamecheka mpaka basi. Jibu kali nimelipata baadaye, nilipokuwa nimeshafika nyumbani.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata! Akina mama wanaotengeneza achari ng'ambo ya kilima wanakamua ndimu na kutupa maganda. Magunia kwa magunia! Nimejitolea kuwasafishia uwanja. Wamenibariki, wakanipa na chupa ya achari. Watu wema mno.

Kweli, Mwalimu alishatuonya: ndimu kidogo tu, bakteria wa tangini wanaotengeneza gesi hawapendi uchachu. Lakini bakteria wa kisiwa chetu cha Rodrigues kukataa ndimu? Nimefunika kwa majani ya maboga. Kilo sitini na nane! Jina langu juu kabisa ubaoni. Bi Léocadie kanipongeza huku kabetua midomo.

Alhamisi, 7 Agosti
Magunia mengine matatu. Bega limevimba. Najipenda.

Jumamosi, 9 Agosti
Moto umekuwa wa manjano, tena mdogo kama wa mshumaa. Mwalimu kanusa tangi, kasema linanuka kama duka la achari. Nikasema huenda ni upepo.

Jumapili, 10 Agosti
Umezimika. Kabisa. Baada ya misa nimemwona Bibi Ursule, miaka themanini na mmoja, kashika panga anakwenda kutafuta kuni za sikukuu. Kasema alijua tu, raha ya maskini haikai. Nimejificha nyuma ya nguzo. Nimejiona mdogo kuliko huo mshumaa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekwenda alfajiri kuyatoa maganda kimya kimya. Nani kanitangulia? Bi Léocadie! Mikono imezama tangini hadi viwikoni, pembeni lundo la ndimu.

“Anicet, ndugu yangu,” kasema, “hata kudanganya hujui. Jani la boga linaficha harufu?”

Nikangoja apige kelele. Kanipa koleo. Tumechota maganda, tukamwaga majivu kukata uchachu, kisha ndoo ishirini za samadi mbichi ya ng'ombe wake, iwe mbegu ya bakteria wapya. Mwalimu alipofika kauliza nani anachokoa tangi. Bi Léocadie kamjibu: “Sisi majirani.” Basi. Sisi! Nimekosa pa kuweka macho.

Jumatano, 13 Agosti
Tumekoroga tena. Leo mapovu mawili! Bi Léocadie kayashangilia kama wajukuu. Macho yake mekundu kwa moshi wa jikoni, anapika tangu kulipokucha, bado kaniletea mchuzi wa pweza. Kaniamuru nisibakishe kitu, eti makombo yangu yana historia.

Nilikwenda kwa Mwalimu kuungama. Nilifika mlangoni. Alikuwa anakula. Si adabu kumkatiza, nikarudi.

Ijumaa, 15 Agosti
Umewaka! Buluu! Maharage ya wazee yameiva, nyama imeiva, Bibi Ursule kala mara mbili na kuni hakubeba. Kaniita, kanishika mkono, kanishukuru kwa kuliuguza tangi. Nikataka ardhi inimeze. Mwalimu katangaza mashindano yanaanza upya hadi mwisho wa mwezi, na ndimu marufuku. Kila mtu katazama angani ili asinitazame mimi.

Usiku huu nimemshukuru Mungu kwa mmoja mmoja: kwa Bibi Ursule, kwa ng'ombe, kwa bakteria. Kwa Bi Léocadie nimepiga magoti mara ya pili.

Jumamosi, 16 Agosti
Asante ya mdomo haitoshi. Macho yale mekundu hayawezi kungoja. Bomba liende jikoni kwa Bi Léocadie! Mimi sitaki tena. Nimekuwa mtu mpya.

Nimeongea na mpishi wa hoteli ya ufukweni. Ana mapipa mawili ya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, anatafuta pa kuyatupa. Mazito ajabu! Mwalimu kapiga marufuku ndimu. Mafuta hakuyataja hata kidogo. Kesho kabla ya misa nayamwaga yote tangini, kwa jina la Bi Léocadie, bila kumwambia.

Jinsi atakavyofurahi!