Jukwaa Refu la Katibu Idrisa

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Kikao cha bodi nyumbani kwa Shangazi Mwanne. Kulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, kwa hiyo wajumbe wote walifika mapema.

Shangazi ndiye mwenyekiti wa taasisi yetu ya hisani, na leo alikuwa mkali. Alisema tumegawa viti mwendo miaka yote hii, picha zimejaa ukutani, lakini Josepha, mtu wa kwanza kabisa kupokea kiti chetu, mpaka leo anahudumiwa nje ya ofisi ya kata, juani, kwa sababu ya ngazi. Mtendaji humgongea mhuri kupitia dirishani. Shangazi akauliza tunawapa watu magurudumu waende wapi. Anataka halmashauri iweke njia za mteremko kwenye mpango wa mwaka ujao, ikianza na ofisi hiyo. Atakayelifanikisha ndiye atakuwa mkurugenzi wa taasisi.

Mkurugenzi! Mimi ni katibu tangu taasisi izaliwe. Nilimtazama Wilbroad, mweka hazina. Kumbe naye ananitazama. Huyu alisoma seminari Kipalapala akaishia katikati, ila sauti ya mahubiri hakuiacha kule.

Josepha, ambaye ni fundi cherehani na mjumbe mwenzetu, alisema kwa upande wake angependa tu kujua mle ofisini kuna nini.

Jumanne, 7 Novemba

Nina mpango.

Anayeandaa rasimu ya mipango ya manispaa ni Bwana Kondo. Mzaramo wa Kisarawe. Sisi Wanyamwezi ni watani wake tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na misafara kuelekea pwani, wamebeba mizigo, na babu zake wakiwatoza hongo, ushuru wa kupita njia yao. Mtani hakasirikiwi, na akishika jambo hatoki mpaka apewe chake. Kwenye msiba wa baba mkwe wangu, Kondo alishuka kaburini akajilaza, akagoma kutoka mpaka aletewe jogoo. Aliletewa.

Wilbroad anataka twende ofisini kwake na Josepha, tuketi, tuzungumze. Mawazo madogo hayo. Mimi nimependekeza sherehe ya kukabidhi viti vipya, Jumamosi, uwanja wa mpira. Kondo mgeni rasmi. Mimi mzungumzaji mkuu. Shangazi amekubali, ingawa alishusha pumzi kwanza.

Nimempigia Kondo mwenyewe. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba siku hiyo ni ya kiserikali, kwa hiyo utani umesimamishwa. Alicheka mpaka salio langu likaisha. Nadhani amefurahi kupewa hadhi.

Alhamisi, 9 Novemba

Limbu, fundi seremala wa Chemchem, anajenga jukwaa. Nilimwambia linifike kifuani. Baadaye nikasikia Wilbroad ameazima vipaza sauti vya parokia. Nikamwambia Limbu lifike kidevuni.

Wilbroad alikuja akauliza viti mwendo vitapandaje pale. Nikamwambia vijana wapo. Kazi ya huyu mtu ni kutafuta kasoro.

Josepha naye alifika. Alilizunguka jukwaa taratibu, akatabasamu, akasema nisipunguze hata ubao mmoja. Hatimaye, mtu anayeelewa mambo makubwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Fulana zimefika. Uso wangu kifuani umetokea wa kijani. Najiat, mke wangu, anasema nafanana na mgonjwa aliyepata nafuu. Nimezigawa hivyo hivyo.

Jumamosi, 11 Novemba

Naandika nimekaa upande mmoja. Mgongo umekwisha.

Watu walijaa mpaka golini. Kondo alifika kwa suti, akapokea salamu zote kama mtu mwenye adabu. Kisha akalitazama jukwaa. Akamuuliza Josepha yeye atapandaje. Josepha akajibu kwamba atabebwa na Wanyamwezi, ndiyo kazi yao tangu zamani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kondo alisema haiwezekani wapagazi wambebe mwenzao halafu mwenye njia apande kwa miguu. Akaketi kwenye kiti mwendo kipya, akakunja nne, akatangaza kuwa amesikia utani umesimamishwa, na faini ya kuusimamisha ni yeye kubebwa na katibu mwenyewe. Uwanja mzima vigelegele. Nikamtazama Shangazi anitetee. Alisema bebeni, jua linawaka.

Nikashika mbele, Wilbroad nyuma. Kondo ni mtu mnene na hasaidii. Ngazi ya tatu kiti kiliinama, akanikamata sikio. Nilisikia akimwita mama yake, kwa sauti ndogo, kwa Kizaramo. Tulipofika juu suti yake ilikuwa imelowa jasho, naye hakuwa amefanya kazi yoyote.

Nikaisogelea maiki. Hotuba yangu haikuanza. Josepha, akiwa chini, alichukua kipaza sauti cha parokia akasema sheria za utani zinajulikana: aliyeketi ameketi. Bwana Kondo haruhusiwi kusimama mpaka Wanyamwezi waridhike. Na Wanyamwezi leo wanachoka upesi.

Kondo alicheka. Akacheka tena kidogo. Soda yake ilikuwa kwenye meza ndefu ambayo mkono wake hauifikii. Akaomba asogezewe, tukachoka. Akaomba ashushwe aende chooni, tukachoka sana. Mtani hakasiriki, kwa hiyo alibaki anatabasamu huku akibana magoti. Mimi nilitaka kumsaidia, lakini Shangazi aliniangalia.

Josepha akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba hivyo ndivyo anavyosubiri mhuri wake kila akienda kata. Safari hii hakuna aliyecheka. Kondo akaitazama soda, akatazama ngazi. Kisha akaomba maiki. Alisema ofisi ya kata itaandikwa ya kwanza kwenye rasimu, na hakuna ramani ya jengo la umma atakayoipeleka kwenye kamati bila njia ya mteremko. Akaomba na choo kiongezwe, maana sasa anajua. Tukamshusha mbio mbio. Alikimbia, watu wakimshangilia mpaka mlangoni.

Hotuba yangu bado iko mfukoni.

Jumatano, 22 Novemba

Kamati imepitisha rasimu yote pamoja na njia za mteremko. Ujenzi wa saruji ni mwakani, lakini Kondo hakusubiri. Alichukua mbao za jukwaa langu, Limbu akazipigilia mteremko wa muda pale ofisi ya kata. Jukwaa langu, chini ya magurudumu!

Josepha amepanda leo, peke yake, bila kuguswa na mtu. Tulisimama nje tukisubiri. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema mle ndani kuna feni, mezani kuna biskuti, na miaka yote hii hawakumwambia. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Shangazi alilia. Wilbroad alilia kwa sauti ya kanisani. Mimi vumbi liliniingia machoni.

Kisha Shangazi akamtangaza mkurugenzi. Josepha. Nilipiga makofi. Furaha ni furaha, hata ikimpata mwenzako.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu kilicholeta mafanikio haya. Ni jukwaa. Lingekuwa fupi, halmashauri isingebadilisha kitu. Taasisi inayotaka kusikilizwa lazima ikae juu.

Kwa hiyo leo, bila kumsumbua mtu, nimeitafutia taasisi ofisi mpya na nimeshaahidi kuichukua. Ghorofa ya pili, ina baraza la kusimama, unaonekana mpaka sokoni. Ngazi zake nyembamba lakini imara. Nimempigia mkurugenzi nimpe habari njema. Akauliza atafikaje.

Nimemwambia asijali, vijana wapo.