Stelingi wa Beseni

Jumanne, 4 Machi

Asante Mungu! Nimeandika hayo kwanza kabla sijaketi vizuri. Leo nimeokolewa.

Maelezo kidogo, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Mimi ni Khamala. Watu huniita DJ. Miaka kumi na miwili nimekaa kando ya TV katika banda langu la video hapa Soweto West, maiki mkononi, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili kile ambacho Wachina na Wahindi wanasema. Nisipoelewa, natunga. Hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini siku hizi kila mtu ana simu. Jana nilikuwa na wateja wanne kwenye mabenchi kumi na moja, na mmoja alikuja kulala. Mwenye banda, Mzee Ogola, ameniambia waziwazi kwamba mabenchi yakiwa bado matupu mwisho wa mwezi, anampa Okeyo muuza makaa banda aweke magunia. Makaa! Mahali ambapo nimeua majambazi elfu!

Ndipo akatokea Trizah. Ni msichana wa hapo mtaa wa Raila, anapiga filamu zake mwenyewe. Ana kikundi kinachoonyesha filamu za majaribio, zile zisizo na kampuni nyuma yake, na wanatafuta mahali pa kudumu pa kuzionyesha kila Jumamosi. Wiki hii watajaribu kwangu, Jumamosi saa tisa mchana. Jumapili watajaribu kwa Ojwang, yule wa hoteli ya kando ya Soko la Toi, mwenye TV kubwa kama mlango. Halafu wataamua. Nimempa Trizah mkono mara tatu. Kimebaki kitu kidogo tu, kumshinda Ojwang.

Jumatano, 5 Machi

Trizah ameleta filamu ili nijaribu nyaya. Dakika thelathini na moja. Haina rangi. Haina maneno. Hata muziki haina! Mama fulani anafua nguo kwenye beseni. Uso hauonekani, ni mikono na mgongo tu. Anasugua. Anasuuza. Anakamua. Anaanika. Mwisho.

Nimeitazama mara mbili nikimsubiri adui. Hakuja. Stelingi, yaani shujaa mkuu, yupo, hilo sikatai, maana hakuna filamu bila stelingi, na stelingi hafi. Lakini anapigana na nani? Shati?

Mke wangu Nafuna aliacha sukuma wiki zake akaja kuchungulia. Akaanza kulia. Nikauliza kuna nini. Akasema marehemu mama yake alikuwa anakamua shuka hivyo hivyo, akianzia pembeni. Nikamwambia huu si wakati wa machozi, banda linaenda kwa makaa. Akasema, "Baba Mercyline, siku hiyo wewe nyamaza tu, utaona." Ninyamaze! Mimi!

Trizah naye ameniomba hilo hilo. Hataki maiki. Anasema kimya ndicho filamu yenyewe. Nimeapa mbele yake kwa mkono ulioinuliwa. Ulikuwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nadhani kuna nafasi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kumpeleleza Ojwang. Nilivaa miwani ya jua na kofia ya Isaac, kinyozi jirani yangu. Sijafika hata mlangoni Ojwang akapaza sauti, "Khamala, niaje! Macho inauma?" Akaniketisha, akaleta chai na mandazi mawili, akanionyesha viti vipya vya plastiki. Sitini! Vyenye pa kuegemea! Mabenchi yangu mimi yana misumari. Mtu mbaya sana yule. Mandazi yalikuwa matamu, nilimshukuru kwa dhati, na nikaomba la tatu.

Njiani nikapata wazo. Bango! Isaac ndiye aliyejichorea vichwa vyote kwenye ukuta wa kibanda chake cha kunyolea, ana mkono mzuri. Tumeandika kwenye ubao: KOMANDO SABUNI. MWANAMKE MMOJA, BESENI MOJA, MAADUI WENGI! Isaac aliuliza maadui ni kina nani. Nikamwambia hata uchafu ni adui. Akachovya brashi. Rafiki wa kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Bango linapiga kazi. Vijana wa bodaboda wameuliza wanakufa watu wangapi. Nimesema sitaki kuwaharibia.

Saa nane Trizah akapita. Akarudi kinyumenyume. Akalisoma tena. Nilimwambia ni Isaac. Isaac alikuwa amesimama nyuma yangu, na sasa hanisemeshi.

Heri Trizah angenifokea. Hakunifokea. Alisema taratibu kwamba filamu hiyo imemchukua miaka miwili, na kesho kuna mtu anatoka Kawangware kuja kuiona kwa mara ya kwanza. Anachoomba ni kwamba mtu huyo asiaibishwe. Sikuuliza ni nani. Lazima ni mfadhili. Nikamwambia asiwe na shaka. Niliona haya, na naandika hapa kwamba niliona haya. Nimefuta MAADUI WENGI kwa kitambaa.

Jioni Isaac aliniletea blanketi zake mbili za kuziba madirisha ili banda liwe giza. Aliziweka mlangoni akaenda zake. Mungu ambariki.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kabla sijavua viatu.

Watu walijaa! Mabenchi yote, na wengine wamesimama hadi nje. Mzee Ogola alikuja na Okeyo, wakasimama nyuma kama watu wanaosubiri kutangaziwa msiba. Mbele kabisa aliketi mama mmoja wa kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Mfadhili sikumwona.

Dakika tano, kimya. Dakika saba, kijana mmoja akauliza, "Adui ako wapi?" Mwingine akajibu, "Hii ni advert ya sabuni, muvi inakuja." Dakika ya tisa, wawili wakatoka. Na Okeyo, bila aibu, akaanza kupima ukuta kwa hatua! Hapo niliyaona magunia ya makaa kwa macho yangu. Maiki iliingia mkononi yenyewe.

Nikafungua mdomo. Watu wangu, huyu ndiye Komando Sabuni! Genge la Ngong Road limemuua mume wake, na shati hili ndilo ushahidi! Mnaona doa hilo jeusi? Damu! Banda likaamka. Wale wawili wakarudi. Nikaongeza kilio kidogo kwenye kola.

Mama wa mbele akasimama. "Wewe kijana, hiyo si damu. Hiyo ni maji ya ndizi."

Nikamwambia kwa heshima kwamba mtafsiri ni mimi. Akasema, na anayefua ni yeye.

Nikatazama mikono kwenye TV. Nikatazama mikono iliyoshika mkoba. Jamani! Ni mama yake Trizah. Anafulia watu nguo Kawangware, mwaka wa ishirini na tatu huu. Nilitaka ardhi inimeze. Sijui aliichukua maiki saa ngapi. Akasema shati ni la mwalimu fulani, na mume wake hajauawa, yuko Siaya na anakula vizuri. Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika. Akasema maji ya ndizi, yaani utomvu wake, hayajali sabuni, yanataka limau kabla hayajakauka. Akaeleza jinsi vidole vinavyouma kwa baridi ya mwezi wa saba. Akasema mashati ya namna hiyo ndiyo yalimsomesha huyo anayejificha pale mlangoni. Trizah alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Filamu ilipofika kwenye kuanika, mama akanyamaza. Akaketi na maiki mapajani. Hakuna aliyesema kitu, hata wale wa bodaboda. Nilisikia matone ya maji kwenye filamu, ambayo sikuwa nimeyasikia kabisa mara mbili za kwanza. Nililia. Nafuna alinipa pembe ya leso yake. Ilipokwisha watu wakataka irudiwe, na iliporudiwa hakuna aliyetoka. Mzee Ogola alimwambia Okeyo atafute pengine.

Nilimwomba mama msamaha. Akasema sauti yangu ni nzuri, ila nina uwongo mwingi. Asante, mama. Sauti nzuri!

Jumapili, 9 Machi

Kwa Ojwang walionyesha filamu ya barabara tupu. Viti vilikuwa vizuri mno, nusu ya watu walilala. Kikundi kimeamua: ni kwangu, kila Jumamosi! Sharti ni moja. Maiki itashikwa na waliomo kwenye filamu, wakitaka. Mimi ni wa nyaya.

Ojwang amenipongeza na kuniazima viti kumi. Isaac amenisemesha. Alisema "sogea," lakini ni mwanzo. Nimepiga magoti usiku huu nikataja majina yao wote, mmoja mmoja, na la mama yake Trizah nikalitaja mara mbili. Sistahili watu hawa. Mungu anisaidie nibadilike.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadilika. Kuanzia leo nafuata sharti neno kwa neno.

Trizah ameleta filamu ya wiki hii. Mzee Kinyanjui, fundi viatu wa kule Toi, anashona kiatu kimoja dakika arobaini. Hakuna neno. Sitashika maiki. Atashika mwenyewe, kama walivyoamua. Ila Mzee Kinyanjui si msemaji, na huwezi kumwacha mtu mzima aaibike mbele ya watu. Kwa hiyo nimemwandikia la kusema, kurasa nne. Kiatu ni cha ndugu yake. Genge limemuua. Kesho asubuhi nampelekea akariri.

Ni mtu mpole. Najua atanishukuru.