Mwaitu Mdogo na Ndengu za Mbegu

Jumamosi, 18 Oktoba

...na tena si kosa langu kwamba mama mkwe hajawahi kunywa chai kwangu. Miezi miwili tangu harusi! Kila Jumapili akitoka kanisani anapita mlango wetu na kuingia kwa Mbithe, mke wa kaka yake mume wangu Gedion. Mbithe ana makochi mapya. Mimi nina Gedion. Asubuhi amenichotea maji bila kuambiwa. Macho yale!

Lakini nina mpango. Wifi yangu Wavinya ameniletea kutoka Emali binti yake wa miaka miwili, akae nasi wikendi yote ya sikukuu ya Mashujaa. Anaitwa Kavata, jina la mama mkwe, na kwetu Wakamba anayerithi jina huheshimiwa kama mwenye jina. Kwa hivyo hapa Kanyangi yeye ndiye mama mkwe, naye namwita Mwaitu, mama yetu, kwa heshima zote. Nikimpata mdogo, nimempata mkubwa. Gedion akasema huyo ni mtoto tu. Wanaume.

Tulipanda jiwe kubwa nyuma ya shamba, tukatandika leso. Mwaitu alikataa uji. Kisha akautaka. Kisha akaumimina ndani ya kiatu cha harusi cha Gedion. Sikumkemea. Nani humkemea mama mkwe? Gedion alikung'uta kiatu akicheka. Nampenda kuliko jana.

Jumapili, 19 Oktoba

Mama mkwe ametupita tena. Mbithe aliniuliza mbele ya akina mama wote kama mgeni wangu huwa haogi. Nikaeleza kwamba nilimwomba mara tatu, kwa adabu, akakataa.

Mchana tukatoka nje tena. Mwaitu alitaka kubebwa. Alitaka kushushwa. Alitaka kumpanda mbuzi. Nikamshika mbuzi. Mbuzi hakuafiki. Tangu saa tisa nakalia upande mmoja.

Jumatatu, 20 Oktoba, Mashujaa

Msiba. Mama mkwe alikuwa ametupatia ndengu za mbegu alizozichambua kwa mkono wake, tuzipande kabla ya mvua. Tulianza mapema, mimi na mpenzi wangu, bega kwa bega. Mistari sita! Nilipoinua kichwa, Mwaitu alikuwa nyuma yetu kwenye mstari wa nne, akifukua moja moja na kuwarushia kuku. Nilimsihi. Nilimwambia kwamba akiona inafaa, aache. Hakuona inafaa.

Gedion akakohoa. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amesimama mpakani, Mbithe nyuma yake, mikono kifuani. Alimwinua mtoto, akampangusa vumbi, akamfunga mgongoni. Kisha akaniuliza kwa nini nimesimama kutazama mbegu zikiliwa. Nikamweleza habari ya jina.

"Huyu ni mtoto, Kathini," akasema. "Akikosea, mkataze. Mama mkwe wako ni mimi, na mimi sifukui ndengu."

Mbithe alicheka hadi akaondoka. Mama mkwe akashika jembe. Tulirudia mistari yote sita, akinionyesha kina cha shimo kwa kidole chake. Nikakimbia nyumbani, nikaleta chai hapo hapo shambani. Alikunywa amesimama. Vikombe viwili! Aliponirudishia kikombe alisema polepole, akitazama udongo:

"Mbithe huniita. Nyumba ya maharusi haiingiwi bila kuitwa."

Jumanne, 21 Oktoba

Ushindi! Mtoto amerudi Emali, na mama mkwe amekunywa chai yangu. Gedion anasema sasa nimwalike tu mama yake Jumapili, yaishe. Maskini mpenzi wangu, ana roho safi, haelewi mambo haya. Nikimwalika hivi hivi, wazi wazi, atajua namtaka. Kwani ni nani aliyemfikisha shambani kwetu kama si Mwaitu mdogo?

Nimempigia Wavinya simu. Akasema mtoto amechoka, tungoje Krismasi. Nikamwambia asijisumbue kumsafirisha. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika Emali sisi wenyewe, mimi na Gedion wangu, kumchukua.