Hatua Kumi na Moja Upande wa Gunvor

Jumatatu, 4 Mei
Daktari amesema moyo wangu hautaiona theluji ijayo. Vizuri. Basi naungama, ila kwa maandishi, wasome nikishazikwa. Vuli ya mwaka 1972, mimi Halvard Sletmo, mpima ardhi niliyeapishwa, nililing'oa jiwe la mpaka nikalisogeza hatua kumi na moja upande wa jirani yangu Gunvor. Nikapata miti sita ya matufaha. Wala sikukosa usingizi. Kuupima upya mpaka ule kulitaka watu wanne, wiki tatu na bei ya ng'ombe wawili, na Gunvor ni bahili wa kuchemsha kahawa ileile mara mbili.

Leo kanipigia kelele toka ng'ambo ya ua. Anamgawia binti yake shamba. Wapima wanakuja Alhamisi. Nikamwonya, kwa upole wa kitaalamu, kwamba watafyeka vichaka mwezi mzima. Moyoni nikafurahi: hawatamaliza nikiwa hai! Akacheka. Eti mwezi gani, Halvard wee, siku hizi wanarusha kidude tu, nusu saa wameshafunga mizigo, na bei yake haifiki hata ya kondoo.

Nusu saa! Basi hata kufa siwezi kuwahi.

Jumanne, 5 Mei
Mpango: kulirudisha jiwe. Mtaimbo ninao. Kigari changu cha kutembelea kitalibeba. Jiwe halikutikisika. Kiuno kilitikisika. Gunvor akanikuta nimepinda, akauliza natafuta nini. Chambo, nikasema. Akataka kujua tangu lini nyungunyungu wakachimbwa kwa mtaimbo, na ni samaki gani huyo mpumbavu atakayekubali kuvuliwa na mimi. Kisha akanipa keki ya matufaha na jibini ya kahawia. Nikala vipande vitatu. Aibu niliiona. Keki ilikuwa tamu kuliko aibu.

Jumatano, 6 Mei
Mpango bora zaidi! Jiwe lisiloondoka lifichwe. Turubai la kijani, kamba, matawi ya msonobari juu. Kidude cha angani kitaona kichaka. Bila jiwe watabishana, na mabishano katika kazi yetu huchukua miaka. Nimelala mchana kama mtoto.

Alhamisi, 7 Mei
Amekuja mtu mmoja! Ingvild, mama wa makamo, viatu vya mpira, fimbo ndefu mkononi, droni begani. Nilibandika kahawa ya kumchelewesha. Haijachemka, kamaliza. Dakika ishirini na mbili! Mimi nimetambaa vichakani nusu ya maisha yangu nikivuta mnyororo wa kupimia.

Katika picha zake, ukuta wa mawe wa mpaka wa zamani ulionekana chini ya nyasi, umenyooka, ukaishia hatua kumi na moja kutoka kwenye kichaka changu. Akauliza nani kalivika jiwe turubai. Upepo, nikasema. Gunvor akausifu upepo huo kwa kujua kufunga mafundo.

Ingvild akaomba koleo. Huku kwetu, chini ya kila jiwe la mpaka huzikwa mashahidi: jiwe dogo lililopasuliwa vipande viwili vinavyoshikana. Nimewafundisha vijana jambo hilo miaka thelathini. Chini ya jiwe langu, udongo mtupu. Hatua kumi na moja kando, vipande viwili, vikaungana pasipo hata ufa. Nilihamisha jiwe nikawasahau mashahidi! Kosa la mwanafunzi! Hilo ndilo lililoniuma hasa.

Nikaungama palepale, kwa sauti ya mtu anayekata roho. Gunvor akaniambia nipunguze maigizo. Siku ile alikuwa dirishani akimenya viazi. Aliniona mwanzo hadi mwisho. Mumewe, marehemu Olav, alitaka kunifuata na shoka. Yeye akamshika: mwache, miti yenyewe ina ugonjwa, mwizi ataihangaikia kuliko sisi. Na kweli. Nimeipogoa, nimeitibu, miaka hamsini na minne, na kila vuli dhamiri ilinisukuma nimpelekee nusu ya mavuno. Eti hajapata kuwa na kibarua mtiifu kama mimi.

Miti imerudi kwake leo. Kupogoa, amesema, ruksa kuendelea.

Jumapili, 10 Mei
Nimetubu kwa mchungaji. Nimelia kidogo. Nimejisikia mwepesi, mtu mpya kabisa. Mchungaji naye amefurahi, akanipeleka makaburini kunionyesha mahali pangu, kando ya Olav.

Pembamba! Olav amejitandaza kama mwenye makaburi yote. Na kona zimewekewa vigingi vya mbao tu, vyepesi hata kwa mkono wa mgonjwa. Mchungaji akageuka kuwasalimu waumini. Nikajipatia shibiri mbili upande wa Olav.

Kwa mtu wa umri wangu, hilo ni shamba.